Shimo la Kuivishia Ndizi

Alhamisi hiyo, jua likiwa bado halijapanda juu ya miti ya Mwamkulu, Salvator alikuwa amesimama mlangoni kwake na panga mkononi, anang'oa kibao. Kilikuwa kibao cha bati la njano, kipana kama daftari lililofunguliwa, chenye alama nyeusi ya mapanga matatu kuzunguka kitone. Watoto wa jirani walikiita feni. Wanawake waliokuja kuazima chumvi walikuwa wakisema nyumba ya Salvator siku hizi ina nembo kama ofisi.

"Unakitoa cha nini?" aliuliza mkewe, Ernestine. Binti yao Candide, wa miezi minne, alikuwa amelala mgongoni kwake.

"Kuna mama ametoka Arusha. Anapita nyumba kwa nyumba na Bwana Afya. Anatafuta zile taa za kambini."

"Si ulipewa?"

"Nilipewa kwa mdomo." Msumari wa mwisho ulichomoka ukadondoka mavumbini. "Mdomo una mhuri, mama Candide? Wazungu wa kuchimba visima wameshaondoka, fundi mkuu naye kaondoka. Nimebaki mimi mlinzi. Na mimi ni mtu wa kibali, si raia. Leo wakisema nimeiba, kesho kibali hakipo, keshokutwa tunapakiwa kwenye lori."

Alikichomeka kibao chini ya godoro. Mlangoni yalibaki matundu manne na mraba wa mbao ambao haukupigwa na jua, safi kuliko mlango wote. Ernestine alitazama mraba ule akaona ungesema mengi kuliko kibao chenyewe. Alichukua matope akapaka.

Taa ya kambini, iliyokuja pamoja na kile kibao, ilikuwa imekaa kwao karibu mwaka mzima. Ilikuwa na vijiti vya vioo ndani yake, na vilitoa mwanga wa kijani bila waya, bila mafuta, mchana na usiku. Ernestine alikuwa ameisomea vitabu vya masomo ya jioni ya parokia, tumbo la Candide likiwa limemjaa mapajani. Kisha mwezi wa tano, Didace, mdogo wake Salvator, aliapa kwamba hakuna taa isiyo na betri labda ile ya Mungu. Akaifungua kwa bisibisi aitafute. Vijiti viwili vilipasuka papo hapo, mwanga ukafa. Vingine vilipata nyufa lakini viliendelea kuwaka. Ernestine alivikusanya vyote kwenye kitambaa, vizima na vibovu, akiogopa miguu ya watoto. Alitafuta mahali ambapo hakuna mtoto anayecheza, akavifukia chini kabisa ya shimo la kuivishia ndizi. Akajiona mama mwenye akili.

Shimo hilo sasa lilikuwa wazi. Ndizi zilikuwa zimelala humo siku tano, zimefunikwa kwa majani ya migomba na udongo, zikaiva hadi zikawa laini kama siagi. Jumamosi ukoo wa Claude ungekuja kumposa Aline, dada yake Salvator, na bila rwarwa, pombe ya ndizi, hakuna mtu wa ukoo wao angeita kikao kile posa.

*

Wageni walifika saa nne wakawakuta kwenye kukamua. Aline na Ernestine walikuwa wamepiga magoti mbele ya mtumbwi wa mti, wanaponda ndizi kwa majani makavu, mikono imezama hadi kwenye viwiko. Bwana Afya, mzee Anuari, walimjua. Mwanamke aliyekuwa naye alikuwa na mtandio wa samawati, viatu vilivyojaa vumbi jekundu, na sanduku la chuma alilolibeba mwenyewe.

"Karibuni, karibuni. Mmetukuta hivi hivi," alisema Ernestine, akinawa mikono.

"Mnakamua pombe?" aliuliza mwanamke.

"Leo bado ni maji ya ndizi tu, dada yangu. Matamu, hata nyie mnaosali Ijumaa mnaruhusiwa."

Mwanamke akacheka. Alisema anaitwa Zuhra. Ernestine alichota kikombe, akanywa funda la kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho ya mgeni, kama wanavyofanya watu wa kwao, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani yake. Halafu akampa kwa mikono miwili. Zuhra alimaliza kikombe chote. Alikuwa na kiu ya njia.

Kisha alifungua sanduku, akatoa mashine yenye mkonga, akaipitisha ukutani, kitandani, juu ya godoro. Chini yake ndipo kilipokuwa kibao. Mashine ilisema tik. Ikanyamaza. Ikasema tik tena, kivivu, kama mtu anayetafuna mahindi makavu.

"Si mmesikia?" Salvator alisema. "Mashine yenyewe imenitetea."

"Mashine hii haina sikio la kitu ninachokitafuta, kaka yangu," alijibu Zuhra. "Naipitisha kwa sababu ya vitu vingine. Mionzi ya zile taa ni dhaifu. Hata ngozi ya mkono wako inaizuia."

"Basi kama ngozi inaizuia, wewe umetoka Arusha kufuata nini?"

"Bosi, sikiliza kwanza," alisema Bwana Afya.

"Nasikiliza, mzee. Nauliza tu."

Zuhra aliketi kwenye kigoda bila kuambiwa. "Ndani ya vile vioo kuna gesi. Kioo kikiwa kizima, haina neno. Kikipasuka nje, upepo unaichukua nyingi. Lakini kikivujia udongoni, vijidudu vya udongo vinaila ile gesi na kuigeuza maji. Sasa hapo ngozi haiizuii tena. Inaingia kama maji yanavyoingia, na maji hayabishi hodi. Mgomba ukiyanyonya, yamo kwenye ndizi. Mtu akiyanywa, yamo kwenye damu yake."

Aline aliacha kukamua.

"Yakichemshwa?" aliuliza Ernestine.

"Mvuke wake ndio maji yale yale."

"Yakichujwa kwa kitambaa kizito?"

"Ni maji ndani ya maji, mdogo wangu. Utachuja nini ubakize nini?"

"Basi yanakaa milele?"

"Mwilini hayakai sana. Kila siku kumi hivi, nusu yametoka kwa mkojo na jasho, na ukinywa maji safi mengi yanatoka upesi zaidi. Udongoni ndiyo yana safari zake. Kiangazi jua linayavuta juu, masika mvua inayashusha chini, na mengine yanang'ang'ania kwenye majani yaliyooza, hayo yanakawia. Lakini kuisha kabisa hayajui haraka. Miaka kumi na miwili ikipita, nusu bado ipo."

"Na mtoto anayenyonya?" Swali lilimtoka Ernestine kabla hajalipima.

Zuhra alimtazama, akamtazama Candide, kisha macho yake yakaenda mlangoni, kwenye mraba wa matope mabichi.

"Taa zilikuwa tano. Nne nimezipata, zote nzima," alisema, akifunga sanduku. "Naenda Sitalike, narudi Jumatatu. Mwenye habari amwambie Bwana Afya. Sikuja na askari."

"Hapa hakuna taa," alisema Salvator.

"Sawa, kaka yangu. Asante kwa kinywaji, mama."

Walipokata kona, Ernestine alikiokota kikombe alichonywea mgeni. Alikishika muda mrefu, hajui akioshe au akivunje.

*

Ijumaa alikwenda bomba la misheni mara tatu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na kisima chao kiko hatua arobaini tu kutoka mlangoni. Aliwashikia vikombe hadi wakamaliza, Aline, Didace, hata Salvator.

"Tumegeuka ng'ombe?" alilalamika Didace. "Wanatunywesha kama tunapelekwa mnadani."

"Kunywa. Wewe ndiye uliyetafuta betri."

Didace alinywa, akaona heri akachanje kuni.

Pombe ilikuwa imeshatiwa unga wa mtama wa kukaanga, imefunikwa kwenye madumu matatu makubwa ya bluu, inaanza kunung'unika. Salvator alikuwa anaweka mawe juu ya mifuniko.

"Baba Candide, tusiwape watu."

"Usianze."

"Nilivifukia mimi. Kwa mikono yangu. Ulikuwa umesafiri kwenda Kapalamsenga kununua dagaa, nikakwambia tu nimevitupa. Vimo chini ya lile shimo, na vingine vilikuwa bado vinawaka."

Salvator alikaa juu ya dumu. Alikuwa mtu mrefu, lakini alipokaa vile alionekana kama mzigo ambao mwenyewe hajarudi kuuchukua.

"Mwezi wa saba tuliivisha ndizi humo. Tukanywa. Amekufa nani?"

"Sijasema mtu atakufa. Nasema sijui. Na wewe hujui."

"Mimi najua kitu kimoja. Mzee Nathanael wa kina Claude hajawahi kuketi penye dumu kavu. Nikimwambia pombe imeharibika, atauliza imeharibikaje. Nikimwambia imeharibikaje, nimekiri taa. Nikikiri taa, mimi ni mwizi." Alimwonyesha kidole. "Kesho utaonja, utawapa, watakunywa, watatupa jibu, wataenda. Jumatatu huyo mama akirudi, tutaona."

"Na Candide? Nikionja, naye anaonja."

"Funda moja!"

Aline alitoka jikoni, macho mekundu, si kwa moshi. "Wifi, nimengoja miaka miwili. Mara ya kwanza baba yake Claude alifariki, mara ya pili mahindi yalikauka. Wakiondoka safari hii hawarudi. Nakuomba. Funda moja tu."

Ernestine alichukua ndoo akaenda bombani mara ya nne, ingawa mitungi yote ilikuwa imejaa.

*

Jumamosi ua ulifagiwa mpaka udongo ukang'aa. Watu walikuja zaidi ya arobaini, na wengine hawakuwa wa ukoo wowote. Harufu ya rwarwa ndiyo iliyowaalika. Prisila jirani alileta viti vya kanisani. Mzee Nathanael, msemaji wa kina Claude, alikaa katikati na fimbo yake kati ya magoti, kofia imenyooka kama ya hakimu.

Walizungumza muda mrefu, kwa mafumbo. Walisema wamemfuata mbuzi wao aliyepotelea kwenye ua huu. Salvator akajibu mbuzi hapa ni wengi, waeleze huyo wao ana baka gani. Watu wakacheka. Aline, aliyejificha nyuma ya pazia, alisikika akicheka pia. Kwa kitambo kidogo kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa kuwa.

"Maneno yamekauka," alisema Mzee Nathanael. "Koo zinaomba."

Didace alilivuta dumu la kwanza katikati. Kifuniko kilipofunguliwa watu walisema "aaah" kwa pamoja. Ilikuwa imechacha vizuri kuliko pombe yoyote waliyowahi kupika. Prisila alichota kibuyu, akampa Ernestine.

"Mama Candide," alisema mzee, "tuonjee."

Ernestine alikishika kibuyu. Povu lilikuwa linapasuka taratibu ukingoni. Alijua uzito wa funda lile: katika ukoo wao mwanamke wa nyumba hanywi kwa kiu, anaapa kwa koo lake mbele za watu kwamba kilichomo ni salama kwao kama kilivyo kwake. Bibi yake alimwambia kwamba anayeonja akijua ubaya, mikono yake haifai tena kumpa mtu hata chumvi. Alhamisi alikuwa ameonja bila kujua. Leo hakuwa na mahali pa kujificha.

Mgongoni Candide alikohoa kidogo, akahamisha shavu.

"Onja, mama," alisema mzee tena, kwa upole.

Alimtazama mumewe. Salvator alikuwa anatazama miguu yake.

"Siwezi, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Alikiweka kibuyu chini, polepole, lisimwagike hata tone. "Ndizi hizi ziliivia kwenye shimo nililofukia vioo vya ile taa ya kambini. Yule mama wa Arusha amesema sumu yake inageuka maji, inaingia kwenye udongo na matunda. Labda ni kidogo. Labda si kitu. Lakini siwezi kuwaapia kitu nisichokijua. Kosa la kufukia ni langu, si la mume wangu, na taa alipewa, hakuiba."

Ua wote ukapasuka kwa kelele.

"Mana yanje, Mungu wangu! Si tulikunywa hapa mwezi wa saba!"

"Kumbe ile feni ya mlangoni!"

"Walitaka kutumaliza!"

Kijana mmoja wa kina Claude alipiga teke dumu, likayumba. Wawili wakalishika masikio ili walibinue.

"Msimwage!" Ernestine alilikumbatia dumu kwa mikono yote miwili, mtoto akaanza kulia. "Mkiimwaga inarudi kwenye udongo, inashuka kisimani! Iacheni ilipo. Tafadhali, kaka zangu, iacheni."

Vijana waliliachia. Nyuma ya pazia hapakuwa na kicheko tena.

Ndipo Salvator aliposimama. Aliingia ndani, akatoka na kibao cha njano, akakiweka miguuni pa Mzee Nathanael, kama mtu anayesalimisha panga.

Mzee alikitazama. Aligusa mapanga matatu kwa ncha ya fimbo. Alitazama wale waliokuwa wanapiga kelele, mmoja mmoja, hadi wakakaa.

"Kuna maji humu ndani?" aliuliza.

"Yapo, mzee."

"Ya kisima?"

"Ya bomba la misheni. Nimeyateka mwenyewe."

"Lete."

Ernestine alileta kwenye kikombe cha bati. Alikunywa funda la kwanza, akimtazama mzee usoni. Mzee alipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akajipangusa ndevu.

"Nimekaa kwenye nyua nyingi," alisema. "Nimeonjewa pombe na wanawake ambao sikujua wanachokijua. Huyu nimemjua." Aliinuka, magoti yakalia. "Lakini maji hayaposi. Aline hatujamwacha, wala hatujamchukua. Siku mkiwa na kinywaji ambacho mama huyu anaweza kukionja, tuiteni."

Wakaondoka. Wengine hawakuaga. Prisila alirudi kuchukua viti vyake, akavipangusa kimoja kimoja kwa khanga kabla ya kuvibeba.

*

Zuhra alirudi Jumatatu. Alisikiliza yote amesimama. Ernestine alipofika kwenye kikombe cha maji ya ndizi, aliinamisha kichwa.

"Nilikunywesha na wewe, dada. Sikujua. Nisamehe."

Bega la Zuhra likatikisika kwa kicheko ambacho hakikuwa cha furaha sana. "Basi na mimi nitajaza chupa yangu."

Chupa zilikuwa ndogo, za plastiki, kila moja na karatasi ya jina. Majirani walijipanga nje ya ua kutazama familia ikipokezana kwenda chooni na chupa mkononi. "Mkojo wa Salvator unasafiri kwenda Arusha kabla yake," mtu alisema, watu wakacheka. Salvator alipita katikati ya kicheko hicho na chupa yake ameishika wazi, hakuifunika kwa shati. Alipofuata Zuhra, na mtandio wake na chupa yenye jina lake, kicheko kilipungua. Kisha Prisila akasogea akauliza kama na wao waliokunywa mwezi wa saba wanaweza kupata chupa.

Walichukua vioo vilivyobaki, udongo wa shimo, maji ya kisima, pombe, jani la mgomba ulio jirani. Walichukua na maziwa ya Ernestine. Alijikamua nyuma ya pazia, machozi yakidondoka pamoja na maziwa, kwa sababu maziwa yale yalikwenda chupani badala ya kwa mtoto. Madumu na kibao vilifungwa vikaenda na gari la halmashauri. Kuhusu wizi, Zuhra aliandika kwenye fomu yake: *alipewa na fundi mkuu, ameirudisha kwa hiari*. Akaipiga mhuri.

*

Barua ilifika mwezi wa kumi na moja, mwaka ule wa mvua za El Nino, wakati barabara ya Mwamkulu ilikuwa tope tupu. Bwana Afya aliileta chini ya koti. Ernestine aliisoma kwa sauti mlangoni, kidole kikifuata mstari, Salvator ameegemea ukuta, Aline amekaa kizingitini anachambua maharage.

Kisima kilikuwa salama. Pombe na udongo wa shimo vilikutwa na ile sumu, na migomba miwili ya karibu pia. Kwenye mikojo ilikuwepo kidogo, kiasi ambacho wataalamu hawakutarajia kiwadhuru, na kufikia siku barua inaandikwa sehemu kubwa ilikuwa imeshatoka. Shimo lisichimbwe, lisitumike, lisipandwe kitu cha kuliwa mpaka wapimaji warudi.

"Mpaka lini?" aliuliza Aline.

"Nusu yake, Candide akiwa na miaka kumi na miwili."

"Na nusu inayobaki?"

"Hiyo nayo itakatika nusu, akiwa na ishirini na nne. Atakuwa ameolewa."

"Labda atanitangulia," alisema Aline. Lakini alisema huku akitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Upande wa pili wa ua, mbali na kisima na mbali na migomba ile, Didace alikuwa amechimba shimo jipya, na ndizi za kwanza zilikuwa zinangojewa mtini.

Salvator alichukua nyundo na ile misumari minne. Kibao walirudishiwa na Bwana Afya. Alikipigilia kwenye nguzo ya mkurungu, akaichimbia ukingoni mwa shimo la zamani, alama ikitazama njiani. Mvua ilianza tena kunyesha, nzito, ikishuka ndani ya udongo uliofunikwa, ikiendelea kushuka huko ambako macho hayafiki.

Alirudi ameloa, akasimama mbele ya mkewe.

"Soma tena."

"Yote?"

"Pale pa maziwa tu."

Ernestine alikunjua barua. "*Maziwa ya mama yamepimwa,*" alisoma. "*Mama aendelee kumnyonyesha mtoto.*"

"Tena."

Akasoma tena. Candide hakuwa amengoja. Alikuwa ameshalishika ziwa, amefumba macho, ananyonya.